Pini ya Tatu

Tone la maji lilidondoka kwenye ndoo gizani, kisha lingine. Kornelia alikuwa macho tangu jogoo wa kwanza, mkono wake juu ya mgongo mdogo wa Stella, bintiye wa miaka minne, ukipanda na kushuka taratibu. Mtoto alilala fofofo. Mama ndiye aliyekoseshwa usingizi, na aliyemkosesha alikuwa na jina: Pamela.

Kwa miaka mitatu Kornelia ndiye aliyekuwa sikio la Mzee Melkior, mwenye studio ya kaseti pale Moshi mjini. Mambo ya umeme aliyasoma darasa la jioni, mtoto mgongoni. Kwaya ikitaka kurekodiwa, iwe Kibosho au Mwika, yeye ndiye aliyepanda mlimani na maikrofoni na nyaya zake. Halafu mwaka huo wa tisini na nane akaletwa Pamela kutoka Dar na plagi zake za maikrofoni za pini tatu. Waya wa Kornelia ukiwa mrefu ulizoa kila mvumo wa umeme njiani. Wa Pamela ulikuwa kimya.

"Mama Stella, unausikia ukimya huo?" Mzee Melkior alimuuliza, kama mume anayemwonyesha mke mkubwa kanga za mke mdogo. Kisha akaongeza, "Studio yangu haiwezi kuweka mafundi wawili. Tukirekodi Machame, nitaamua abaki nani."

Kulipokucha, ikiwa siku moja kabla ya safari hiyo, Pamela alimletea waya. "Dada Kornelia, nilehemie plagi hii. Mkono wako umetulia kuliko wangu."

Hata sifa hiyo ilimuuma. Siri ya waya ule aliijua vizuri. Ndani yake sauti hupita njia mbili, moja ikiwa imegeuzwa kinyume cha nyingine. Mvumo ukiingia, huziingia zote mbili sawasawa. Kule mwisho ile iliyogeuzwa hugeuzwa tena, mvumo ukajiua wenyewe na sauti ikabaki. Kornelia akalehemu kila pini mahali pake. Halafu, kwa kipande cha waya kisichozidi punje ya ulezi, akaunganisha pini ya tatu, ya sauti iliyogeuzwa, na ya kwanza, ya ardhi, ili njia hiyo ife. Sijauharibu, alijiambia. Nimeufanya uwe kama wangu tu.

Kule Machame, ambako Kornelia alikwenda na Stella, waya ulitambaa mita arobaini, kutoka madhabahuni hadi ofisi ya usharika, ubavuni mwa waya wa taa. Kwaya ilipoanza, spika ikanguruma.

"Mmetuletea na nyuki?" aliuliza Mwalimu Ndelilio, mwongoza kwaya. "Basi wasimame upande wa besi, huko tuna upungufu."

Wanakwaya wakacheka. Mzee Melkior hakucheka. "Pamela, ndicho ulichosomea Dar hiki?"

"Kosa langu, mzee. Nilipaswa kuupima jana."

Hakumtaja aliyelehemu. Kornelia alingoja, akidhani jina lake linakuja. Halikuja. Wala furaha aliyoiandaa tangu jana haikuja.

"Nipe bisibisi," Kornelia alimwambia Pamela.

Akaifungua plagi, akakata kile kipande kwa wembe, akafunga. Mngurumo ukafa. Hata pumzi ya Mwalimu Ndelilio kabla ya kuinua mikono ilisikika. Kwaya ikaimba kaseti nzima bila kurudia.

Walipomaliza, Mzee Melkior alijifuta jasho. "Nimeshaamua. Pamela, Jumatatu utapanda basi la Dar. Mama Stella, kazi ni yako."

"Asante, mzee." Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Pamela alikuwa amechuchumaa akikunja waya, akijifuta uso kwa bega ili mikono isisimame.

Kornelia akatoka nje. Kwenye mpaka wa kiwanja cha kanisa mimea ya isale ilikuwa imeota kama uzio. Akachuma jani moja refu, akalifunga fundo. Huku mlimani mkosaji hupeleka jani hilo, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Alifika nalo mlangoni, akarudi hatua moja. Akapiga goti, akamnong'oneza sikioni Stella, aliyekuwa akicheza hapo, akampa jani.

Stella alilibeba kwa mikono miwili, kama sahani ya mchuzi.

"Jani zuri," alisema Pamela, ambaye alikulia Dar na hakujua. "La nini, mpenzi?"

Mzee Melkior alijua. Alikuwa ameliona tangu mlangoni. Akaliweka begi chini polepole, akageuka kumtazama Kornelia, na Kornelia hakuyakwepa macho yake.

Stella akavuta pumzi.

"Mama ndiye aliyeharibu waya wako."