Ponos ya Kapteni Milutin

Naandika haya kwa heshima yote inayostahili msiba. Mwalimu Zagorka, anayetufundisha Kiserbia, alitaka kumsaidia Radostina, na maafa yote yalitokana na wema huo.

Radostina alikuja bwenini kwetu Zaječar kutoka Vidin, ng'ambo ya mpaka, mama yake alipopata kazi ya zamu hospitalini huku. Mbulgaria mtupu. Lugha zetu ni ndugu, kwa hiyo alitusikia kama mtu anavyomsikia jirani kupitia ukuta. Mkuu wa shule, Bwana Stamenić, alimpa mpaka Pasaka. Akifaulu mtihani wa kusoma, anabaki na sisi. Akianguka, anarudishwa madarasa mawili nyuma, akakae na watoto ambao bado wanamlilia mama usingizini.

Mtihani hufanyika mbele ya darasa zima, Mkuu mwenyewe akiwepo. Unasoma kifungu, kisha unaeleza maana ya neno lililopigiwa mstari kwa kutumia maneno yanayolizunguka. Kukisia hewani ni marufuku. Lazima uonyeshe ushahidi. Mwalimu Zagorka alimchagulia neno rahisi kabisa, ponos, ambalo kwetu hata mtoto wa chekechea anajua ni fahari.

Radostina akasimama, akasoma, huku masikio yakizidi kumwiva:

"Kapteni Milutin alisimama mbele ya kijiji kizima, mwanawe akiapishwa uanajeshi. Ponos ilimjaa. Uso ulimwiva, jasho likamtoka, akakaza midomo. Mkewe akamshika mkono, akamnong'oneza avumilie. Tarumbeta zilipolia, ponos ikamzidi nguvu. Akatoka mstarini mbio, na watu wakampisha."

"Haya, binti yangu," akasema Mwalimu Zagorka. "Ponos ni nini?"

Radostina akamtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo kanisani. "Mwalimu, lazima niseme?"

"Lazima."

"Ni kuharisha."

Tihomir, jirani yangu wa dawati, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, alinyamaza mdomo ukiwa wazi.

"Ku... nini?" akauliza Mkuu.

"Kuharisha, Bwana Mkuu. Tumbo la kuendesha. Ushahidi upo." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Jasho linamtoka. Midomo imekazwa. Mke anamwambia avumilie. Halafu mbio, na watu wanampisha. Nani asingempisha?"

"Mama yangu!" Tihomir akanong'ona. "Yote yanaingia!"

Mwalimu Zagorka akaichukua karatasi, akaisoma upya kimyakimya, na nikaona rangi ikimtoka usoni. Kifungu kile alikuwa amekipenda miaka mingi. Mapenzi yale yalikufa mbele ya macho yetu.

"Kwetu Vidin ponos ni hiyo tu. Kwani huku ni nini?" Radostina akauliza.

"Fahari," akajibu Mwalimu kwa sauti ya mgonjwa.

Radostina akakaa bila kuambiwa. Kisha akamgeukia Mkuu, machozi yakimlengalenga. "Fahari? Kwa hiyo siku niliyofika, uliponisimamisha mbele ya shule nzima, ukasema nitakuwa ponos ya shule hii..."

"Nilikuwa nakukaribisha!"

"Nililia wiki nzima! Nilimpigia mama nikamwambia wamenitukana kwenye kipaza sauti, na watu wakapiga makofi!"

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ninayecheka mazishini.

Mkuu akavuta karatasi ya matokeo. "Jibu amekosa."

"Njia amepatia, Bwana Mkuu," akasema Mwalimu Zagorka. "Ushahidi wote ameutoa kifunguni. Hawa wengine mwaka mzima hawajanionyesha hata neno moja."

Mkuu akainua kalamu, akasita. "Na hiyo fahari, kwenu mnaiitaje?"

"Gordost." Radostina akafuta macho, akasimama wima, akataka kumlipa wema kwa maneno mazuri. "Na wewe, Bwana Mkuu, ni mtu wa gordost kubwa. Hata ukitembea tu, inaonekana."

Sasa, gordost kwetu ni kiburi. Ni ile dhambi ambayo padri huitaja kabla ya nyingine zote.

Tihomir alishika meza kwa mikono miwili. Mwalimu Zagorka alijifunika uso kwa kifungu cha Kapteni Milutin. Mkuu alibaki na kalamu hewani, shingo imevimba, akimtazama Radostina: tabasamu lake, macho yaliyolowa, mikono aliyoikunja kifuani kama yuko mbele ya sanamu takatifu.

"Kutokana na muktadha," akasema hatimaye, polepole sana, "mtoto huyu ananisifu."

Akaandika: amefaulu.