Bendera Kumi na Tatu Nyuma ya Mapipa

Uliiona. Usiniambie hukuiona. Ulipita mtaa wetu wa Richmond Hill, huku Queens, treni ikinguruma juu ya vichwa vya watu, ukaona mianzi imesimama mbele ya nyumba na vitambaa vyekundu na vya njano vikipepea, nawe ukainamia simu yako. Hukuuliza. Labda ulidhani ni nguo za mtu zimeanikwa vibaya. Au ulijua vizuri sana ni nini, ukajifanya mgeni. Mimi nawakumbuka wote waliopita hivyo, kwa tarehe na kwa koti walilovaa. Babu zetu, vibarua waliotolewa India kwenda kukata miwa Guyana, waliandikwa namba kwenye daftari la meli. Kusahau ni anasa ambayo hatukupewa.

Basi kaa nikusimulie ya Anti Dhano, na nikimaliza usije ukaniambia una haraka.

Jina lake kamili ni Dhanmattie Seecharan. Ni mjane wa miaka sitini na minane, mzaliwa wa Berbice kule Guyana, katikati ya miwa, na miaka ishirini na miwili ya New York aliimaliza akiogesha wazee wa watu wengine. Magoti yamekwisha, ulimi bado. Mbele ya nyumba yake kuna mwanzi mmoja wenye bendera nyekundu ya Hanumani, mungu mwenye sura ya nyani; kwetu Wahindu kila rangi ina mungu wake. Aliyeisimika ni mumewe, Ramdehal, mwezi wa Aprili baada ya ibada, mapafu yake yakiwa yamebaki kama mifuko iliyotoboka. Alikataa kusaidiwa. Kila mapigo mawili ya sululu anakaa kwenye ndoo, anahema, anautukana udongo wa Marekani kwamba ni mgumu kama moyo wa mwenye nyumba wake wa kwanza. Mwezi wa Juni akafa.

Sasa, bendera yetu haing'olewi kwa mkono. Ukishaisimika umeiachia upepo na mvua. Kitambaa kitachanika chenyewe, mwanzi utaoza wenyewe, na siku ukifanya ibada nyingine utasimika mpya. Ramdehal alimwambia mkewe, "Usinitoe pale, Dhano. Niache nidondoke mwenyewe." Hakuwa akisema habari ya bendera peke yake, na Anti Dhano alijua. Alimjibu, "We kwanza meza dawa." Lakini moyoni aliahidi.

Ilani ya jiji ilikuja katikati ya Oktoba, imebandikwa mlangoni. Kitambaa cha tangazo kisicho na kibali, juu ya nguzo inayopita urefu wa uzio. Kiondolewe ndani ya siku kumi. Anti Dhano aliisoma mara tatu akitafuta hilo tangazo. Bendera yenyewe ilikuwa imefifia mpaka rangi ya ufizi.

"Nauza nini mimi?" aliuliza mlango. "Upepo?"

Ng'ambo ya barabara Bwana Tony Fusco alikuwa amening'iniza bendera tatu za timu yake ya mpira, kubwa kama mashuka. Timu hiyo haijamfurahisha tangu alipokuwa na nywele. Yeye hakuletewa ilani. Anti Dhano akavuka na karatasi yake.

"Tony, hebu sema kweli. Kile kitambaa changu unakionaje?"

"Kizuri sana, Dhano. Kinafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Si ya kufukuza ndege?" Tony akamwonyesha nyanya zake, ambako naye alikuwa amefunga tambara jekundu kwenye kijiti. "Nimeiga kwenu. Tangu hapo sijadonolewa nyanya hata moja."

Miaka kumi na moja ya ujirani! Ibada zinasomwa, kombe la baharini linapulizwa asubuhi mpaka mbwa wanaitikia, vitamu vya sadaka anapelekewa kwenye sahani, anakula, anairudisha sahani imeoshwa vizuri, na muda wote huo kichwani mwake Wahindu wa mtaa mzima ni wakulima wenye ugomvi na shomoro. Anti Dhano alicheka mpaka akashika uzio. Alipofika katikati ya barabara kicheko kikakatika. Miaka hiyo hiyo kumi na moja, na yeye hakuwahi kumwambia.

Jumamosi akaja Anko Hardat.

Hardat Jaikarran ni mwenyekiti wa kamati ya hekalu letu, na tangu mwaka jana amejiongezea kamati nyingine, Kamati ya Kutambuliwa, ambayo yeye ndiye mwenyekiti, ndiye katibu, na ndiye picha ya kwenye bango. Ni mtu mwema. Nakwambia mapema kwa sababu utataka kumchukia. Hakuna msiba asiobeba jeneza. Ila amebanwa na hamu ya kuonekana kama mtu aliyebanwa na kwikwi. Wiki ya Diwali diwani wa jiji angetembea mtaani kwetu, Jumanne, akiwa na cheti chenye muhuri wa dhahabu kinachothibitisha kwamba Wahindu tupo.

"Anti, namaste, sikai," alisema, akakaa.

"Chai?"

"Nusu tu." Akapewa kikombe kizima na chapati mbili za dengu. "Anti, hii bendera. Wenzako wote wameshapeleka zao uani."

"Wote?"

"Nyumba kumi na tatu, na mimi nikiwemo. Umebaki wewe."

"Uani kwangu kuna mapipa ya taka, Hardat. Hanumani nimpeleke akalinde maganda ya viazi?"

"Siku chache tu! Mheshimiwa akishapita, mnarudisha."

"Huyo mheshimiwa anakuja kufanya nini?"

"Kututambua, Anti! Miaka mingapi tunaomba?"

"Sasa atatutambuaje akikuta tumejificha?"

Anko Hardat alitafuna kwanza. Mdomo uliojaa ni kimbilio la wanasiasa. "Imechakaa, Anti. Wageni wataona matambara. Hawa wenzetu waliokuja moja kwa moja kutoka India, madaktari, mainjinia, umeona mianzi mbele ya nyumba zao? Wanatuita Wahindu wa mashambani."

"Si ndio sisi? Bila lile shamba babu yako angekutana wapi na bibi yako?"

"Anti, unanifanya mimi ndiye mbaya."

"Sikufanyi kitu. Nakupa achari. Chukua."

Alipoondoka alimwachia mezani bendera ndogo ya Marekani, ya plastiki. "Ya kuziba pengo," alisema.

Anti Dhano aliitazama ile plastiki mpaka chai ikapoa. Alikuwa akimkumbuka Aji, bibi yake mzaa baba, na kisa ambacho Aji alikuwa akikisimulia huku anakuna nazi. Kwamba zamani gavana alisemekana atapita shambani, na msimamizi akaamuru bendera zishushwe na vibanda vipakwe chokaa. Wazee wakatii. Siku moja tu, walisema, si kitu. Gavana akapita juu ya farasi, akatazama chokaa, akaandika kwa wakubwa wake kwamba vibarua hawa ni wasafi, watulivu, na hawana dini ya kutajwa. Kwa karatasi hiyo ombi lao la kujenga hekalu likakataliwa miaka tisa. Kila Aji alipofika kwenye neno "watulivu" alikuna kwa nguvu, na siku hizo mchuzi ulikuwa mzito.

Siku ya kumi mkaguzi wa jiji akaja, Bwana Bermeo, mtu mnene mwenye asili ya Ekuado, kalamu nyuma ya sikio. Alisimama mbele ya mwanzi, akaangalia juu, akaangalia kishikwambi chake, akaangalia juu tena.

"Mama, hii ni nini hasa?"

Anti Dhano akamfungulia lango. Hakuna mtu wa ofisi yoyote aliyewahi kumuuliza hivyo, akasubiri jibu. Akamkaribisha barazani. Akamweleza Hanumani, akamweleza ibada, akamweleza Ramdehal na ndoo yake. Akampa mohanbhog, kile kitamu cha semolina, samli na zabibu kavu, na Bwana Bermeo akala sahani mbili bila kusema ana haraka.

"Bibi yangu alikuwa na msalaba wenye vitambaa juu ya paa," alisema. "Alikuja padri mpya, hakuupenda. Bibi akasema basi huyo padri asilale juu ya paa."

Wakacheka. Kisha Anti Dhano akauliza, "Nani alinishtaki?"

Bwana Bermeo akamgeuzia kishikwambi. *Tunaliomba jiji litusaidie kusafisha vitambaa vilivyochakaa katika nyumba kumi na nne zifuatazo, kabla ya ugeni wa mheshimiwa. Wako mtiifu, H. Jaikarran, Kamati ya Kutambuliwa.*

Masikini Hardat aliomba usafi, kama mtu anayeomba mti upunguzwe matawi. Mashine ya jiji haijui usafi, inajua makosa. Ikahesabu kumi na manne.

"Kuna kifungu," alisema Bwana Bermeo. "Kitu cha dini, kikiwa ni desturi ya watu wa mtaa, naweza kukiandika hivyo na ilani ikafutwa. Lakini lazima niandike nilichokiona. Nimetembea mtaa mzima, mama. Nyumba kumi na nne, nimeona bendera moja. Moja si desturi. Moja ni mama mmoja na kijiti chake."

"Nyingine zipo! Ziko uani, nyuma ya mapipa."

"Siruhusiwi kuandika nisichokiona kutoka barabarani." Alisimama, akapangusa samli vidoleni. "Nitapita tena Jumatatu, saa sita mchana, na gari la jiji. Nikikuta moja, vijana wataing'oa. Samahani sana. Na ahsante kwa hiki chakula."

Anti Dhano hakuvaa hata koti. Alikwenda nyumba ya tatu kutoka kwake, akagonga kwa kiganja kizima.

"Hardat! Uliita jiji lije litufagie?"

Alipomweleza yote, Anko Hardat alikaa kwenye ngazi. "Nilidhani watapogoa tu, Anti. Kuweka mtaa sawa."

"Wametupogoa. Limebaki tawi moja, nalo ni mume wangu."

"Mimi nilitaka watuone."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja na mguu, sijaja na fimbo."

Siku mbili alizunguka kwenye milango mingine kumi na miwili. Wakampa chai. Wakamwambia wanamuunga mkono sana. Wakamwambia ngoja kwanza tuone wengine wanafanyaje.

Leo ndiyo Jumatatu, na ni saa sita kasoro dakika kumi. Anti Dhano amekaa kwenye ndoo ya Ramdehal, chini ya mwanzi, amefunga khanga ya baridi mabegani, yaani blanketi la kochi. Nyumba ya tatu, Anko Hardat ametoka uani na mwanzi begani, amevaa suti yake ya kamati, ganda la ndizi limenasa kwenye bendera ya njano. Anachimba. Anatukana udongo. Tony amevuka barabara na tambara lake la nyanya mkononi.

"Dhano, hili linasaidia?"

"Hilo la ndege, Tony. Nenda kamshikie Hardat mwanzi, kabla hajajichoma nao."

Na Tony amekwenda, anaushika wima, anauliza, "Huyu wa njano ni nani?" na Hardat, jasho likimtiririka, kwa mara ya kwanza maishani anamweleza jirani.

Mbili. Akipita sasa mkaguzi ataandika mbili, na mbili nazo si desturi, ni majirani wawili wenye wazimu mmoja. Nyumba kumi na mbili mapazia yamefungwa. Na pazia moja limetikisika, usidhani sijaona. Wewe unayesoma, mwanzi wako umelala nyuma ya pipa, au nyuma ya lile jina fupi ulilowapa kazini ili wasipate tabu. Chai yako na kuniunga mkono kwako baki navyo. Sululu iko kwa Anti Dhano, imeegemea uzio. Weka hii karatasi chini, nenda uani, itoe bendera yako, isimike mbele ambako mtu wa barabarani ataiona na kuuliza. Sasa hivi. Gari la jiji linakata kona.