Pampu Barabarani

Alhamisi ni siku ya maji mtaani kwa kina Shuruq, mjini Zarqa, na siku ya maji hakuna anayeposa wala anayekwenda kumjulia mtu hali. Mapazia hushushwa, mazulia hukokotwa nje, na bomba likianza tu kukohoa, pampu zinanguruma kila nyumba zikiyavuta maji hadi kwenye matangi ya paani. Asiye na pampu huambulia hewa.

Shuruq alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea usafishaji wa maji safi na maji taka. Tangu baridi iishe, watoto wa mtaa walikuwa wakiharisha. Mpwa wake, Taym, alikuwa amekonda, amebaki macho tu. Bomba la maji safi lilipishana na la maji taka karibu na tanuri la mikate, na Shuruq aliamini kwamba hapo yamepasuka yote mawili. Mhandisi wa kampuni ya maji alikataa kuchimba.

"Pampu zenu ndizo zinazofyonza uchafu," alimwambia mbele ya majirani. "Zimeni mtaa mzima. Maji yakiwa bado mabovu, nitaleta wachimbaji. Lakini nyinyi kuzima pampu? Afadhali mniambie mtaacha chai!"

Watu wakacheka. Masikio ya Shuruq yaliwaka moto.

"Tutazima," alisema. "Njoo Alhamisi."

Kusema kulikuwa rahisi. Asubuhi ya siku yenyewe baba yake alimtazama akifungua nati za pampu yao. "Nguo tutafulia mate?" aliuliza, lakini akamshikia taa.

Umm Dirar, jirani wa mlango wa pili, hakuwa mpole hivyo. "Umesoma miaka yote hiyo uje utukaushe? Nikizima mimi, wa ng'ambo atavuta ya kwangu!"

"Kweli, shangazi. Ndiyo maana haitoshi kuzima."

Shuruq aliibeba pampu yao kifuani, ikimchafua gauni kwa grisi, akaitua katikati ya barabara. "Hii ya kwetu, kila mtu anaiona. Ni nani sasa atakayeogopa kwamba tunamwibia?"

Umm Dirar akaingia ndani, akatoka akihema, na ya kwake mikononi. "Ikipata hata mchubuko, nakuozesha kwa mwanangu Dirar."

"Shangazi, mimi sijakukosea hivyo!"

Kicheko hicho ndicho kilichofungua milango. Mhandisi alipofika, akaegesha gari mbele ya tanuri, pampu zilikuwa zikiendelea kutolewa, hadi barabara ikajaa chuma kutoka ukuta hadi ukuta.

Maji yalikuja kimyakimya, membamba kama uzi. Shuruq alianzia juu ya mtaa. Alikinga maji ya bomba kwa chupa kabla hayajafika tangini, akatia dawa ya kupimia klorini. Yakageuka rangi ya waridi: klorini inayoua vijidudu ipo. Nyumba iliyofuata, waridi. Chini ya tanuri alikinga tena, akatia dawa, akasubiri. Hayakubadilika. Uchafu ulikwisha kuila klorini yote. Umm Dirar alinusa chupa, akakunja uso.

"Dawa yako imeharibika," alisema mhandisi.

"Basi pima kwa ya kwako."

Alipima kwa ya kwake. Hayakubadilika.

"Pampu zilituongezea ubaya, nakubali," alisema Shuruq. "Zilivuta. Lakini hazikupasua bomba. Wewe uliahidi wachimbaji."

"Nitaandika ripoti. Juma lijalo labda..."

"Juma lijalo Taym atakunywa nini?"

Mhandisi aligeukia gari lake, akasimama. Mbele pampu, nyuma pampu, na wanawake walikuwa wakileta viti na kuvipanga juu ya makutano ya mabomba.

"Ziondoeni hizi nipite."

"Uliziona ni nyingi zikiwa ndani," alisema Umm Dirar, "kwa nini zikukere zikiwa nje? Keti. Chai ipo, hatujaiacha. Maji tumeyachemsha sana, usiogope."

Shuruq alivuta kiti cha mwisho, akakaa juu kabisa ya mahali alipoamini ufa ulipo, chupa isiyobadilika mapajani. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na siku nzima.

Mhandisi aliitazama glasi ya chai ikifuka moshi mkononi mwa Umm Dirar. Hakuipokea. Alitoa simu mfukoni.

"Leteni wachimbaji," alisema. "Ndiyo, leo. Nimezingirwa na pampu."