Aliyekaa Juu ya Kifaru

Baba Loveness alipotoka hospitali ya Bumbuli, alikolazwa kwa kiharusi, mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Muuguzi alinivuta pembeni akaniambia, "Bibi, vidole visilale. Vikilala mwezi huu, havitaamka tena. Mtafutie kazi ndogondogo za mkono." Nikaitikia. Tulipofika nyumbani nikamwekea ungo wa maharage achambue. Alichambua siku mbili, ya tatu akausukuma ungo, akasema yeye si mwali wa kukalishwa na ungo.

Binti yetu Loveness alipopanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi, akaja na boksi. Juu lilikuwa na picha ya kifaru cha vita kimezama kwenye tope. Ndani hakukuwa na kifaru. Kulikuwa na vipande vya plastiki, vingine vidogo kama punje ya ulezi, vimening'inia kwenye fremu zao kama plamu changa kwenye tawi, kila kimoja na namba yake. Loveness akaeleza kwamba unavikata, unavisugua kwa msasa, unavigandisha kwa gundi, unapaka rangi. Ukimaliza kimetimia, ila kile cha kweli ni kikubwa mara thelathini na tano.

"Najua ukubwa wake," Baba Loveness akasema. "Nilikikalia."

Mimi nikaenda kuangalia makande yangu jikoni.

Hapa lazima niseme habari za Abubakari, maana bila yeye kifaru kingekaa kwenye boksi mpaka leo. Abubakari ni jirani yetu, nyumba ya chini ya mfereji, fundi cherehani aliyestaafu. Yeye na mume wangu walichukuliwa pamoja kwenda vita vya Kagera, wakarudi pamoja, na tangu warudi hakuna jioni ambayo hakunywa kahawa kwangu. Kuku wa nyumba hii anachinjwa na yeye. Sisi ni Walutheri, yeye Mwislamu, na mume wangu alisema zamani sana kwamba sufuria ambayo Abubakari hawezi kula haitapikwa kwake. Basi mimi nikitaka kitoweo cha kuku nampelekea habari mkewe, Salama, na mzee anakuja na kisu chake.

Kilichobaki cha Abubakari ni mikono. Macho yamekwenda, kitu kidogo hakioni. Kwa mume wangu yalibaki macho, mkono ndio umekwenda. Kwa hiyo walikaa barazani, mmoja anaangalia picha za maelezo na kusema, "Namba kumi na nne, ile ndefu, hapana, si hiyo, hiyo ni mkasi," na mwingine anakata kwa mkasi wa kucha. Abubakari alimlazimisha mwenzake ashike kipande mpaka gundi ikauke, na kwa mkono uleule mbovu. "Shika, mghosi, mzee mwenzangu. Serikali ilikulisha bure?" Baba Loveness anatetemeka, anatukana kidogo kwa Kishambaa, lakini anashika. Mimi nilikuwa namenya viazi huku nahesabu vidole vyake. Wiki ya kwanza kilikunjika kimoja. Baadaye vitatu.

Magurudumu yakaingia. Minyororo ikaingia, ile ambayo kifaru kinatembelea, kipande kwa kipande, ikapungua kipande kimoja. Walikitafuta mpaka chini ya mikeka.

"Umekipoteza wewe mwenye macho," akasema Abubakari.

"Umekikalia wewe mwenye makalio," akasema mume wangu.

Wakakubaliana kuwalaumu Wachina waliotengeneza boksi. Kazi ikaendelea vizuri mpaka walipofika kwa mtu.

Kwenye boksi kulikuwa na mtu mmoja. Mdogo, kama kidole changu cha mwisho, kofia kichwani, amekatwa kiunoni kwa sababu kazi yake ni kukaa kwenye tundu la juu, pale kwenye kichwa cha kifaru, kifua nje, anaangalia mbele.

Sasa, kuna hadithi. Siku moja huko vitani kifaru kilisimama njiani, kamanda wake anaumwa tumbo, hawezi hata kusimama. Akamwita askari mmoja wa miguu apande, akae pale juu badala yake, ili wanakijiji wakiona kifaru kinapita waone kina mtu. Askari huyo akapita vijiji viwili kifua nje, watu wanampungia mikono. Hadithi hii Baba Loveness ameisimulia kwenye harusi za Walutheri wote wa huku Gare, na aliyepanda ni yeye. Abubakari ameisimulia kwenye baraza la msikiti, na aliyepanda ni yeye. Mbele ya mwenzake hakuna aliyewahi kuitaja. Mimi nimesimuliwa na wote wawili, mmoja sebuleni, mwingine jikoni akisubiri maji ya kahawa yachemke. Wote niliwaambia, "Pole sana, na hongera." Ningesema nini?

Siku ya kumpaka mtu rangi, Abubakari alikuwa ameinama mpaka pua inagusa meza, kijiti cha kiberiti mkononi kimechovywa rangi nyeusi. Mume wangu akasogeza uso.

"Hicho unachora nini?"

"Sharubu."

"Za nani?"

"Za mtu wa kwenye kifaru. Tulia, nimemaliza upande mmoja."

"Mtu wa kwenye kifaru hakuwa na sharubu."

"Alikuwa nazo. Nzito."

"Abu, mimi sijawahi kufuga sharubu maisha yangu yote."

"Kwani nani amekutaja wewe?"

Nikaacha kumenya. Wazee wawili wakatazamana kama watu waliokutana siku hiyo. Halafu yakamwagika yote. Huyu anasema mwenzake siku hiyo alikuwa nyuma anabeba sufuria, yule anasema mwenzake alikuwa anaharisha kuliko hata kamanda. Abubakari akainuka. Kwa kuwa mbele yake kulikuwa na kichwa cha kifaru, kile chenye mzinga, akakitia mfukoni akaondoka nacho. Kwetu kikabaki kiwiliwili, na mtu wa sharubu upande mmoja.

Siku zilizofuata Baba Loveness alikaa ameelekea ukuta. Hakugusa msasa wala gundi. Mkono aliuweka mapajani, na mimi niliona kidole cha pete kinaanza tena kulala. Jioni nilikaanga kahawa, nikaitwanga, nikaichemsha, nikamimina vikombe viwili kwa mazoea. Kimoja nikakimwaga kwenye maua.

Nikamwambia, "Baba Loveness, nenda ukamwone mwenzio."

"Aje yeye aliyeiba kichwa."

Nikamfuata Salama mferejini. Naye anasema wake amelala na kichwa cha kifaru chini ya mto, akiulizwa anasema aje yule aliyeiba historia.

Nikafikiri. Ugomvi wote ni wa mtu. Asipokuwepo mtu, kiti kitagombewa na nani? Basi asubuhi moja, ukungu haujapanda, nikamchukua yule mtu pale mezani nikamtia kwenye kopo langu la nyuzi. Baba Loveness alipoamka akamkosa. Akaniuliza. Juu ya meza alikuwa amesimama kuku wangu mwekundu, yule anayetaga kila siku. Mimi sikusema kuku amemla. Nilisema, "Huyo kuku alikuwa hapo mezani." Na kweli alikuwepo.

Mume wangu akamtazama kuku. Kuku naye akamtazama.

"Amemmeza," akasema.

Sikutegemea lifike huko. Akataka achinjwe saa ileile. Nikasema tumsubiri, pengine atamtoa kwa njia ya kawaida. Akamfunga kamba mguuni kwenye nguzo ya baraza, akawa anapekua mavi yake kwa kijiti. Mzee mzima, aliyepungiwa mikono na vijiji viwili. Nilimpa kuku mahindi mengi nikimtazama kwa huruma, na kila nikipita karibu na kopo la nyuzi nilitaka kusema. Lakini nikisema, mtu anarudi mezani, na vita vinarudi. Nikanyamaza. Kuku akataga akiwa na kamba mguuni, na hata hilo halikumsaidia.

Kuku hakutoa kitu. Baba Loveness akaingia jikoni, akatoka na kisu changu cha mboga. Akamshika kuku kwa mkono wa kushoto, kisu akakiweka kwenye ule wa kulia. Kikaanguka. Akakiokota. Nikasema, taratibu, kama mtu anayeuliza habari ya chumvi, "Ukichinja wewe, Abubakari hatakula."

Akakiweka kisu chini.

"Mtumie Salama habari," akasema mwishowe. "Simwiti kupatana. Namwita kuchinja."

Abubakari alifika na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa. Mfuko wa koti umetuna.

"Shemeji, za hapa," akanisalimu mimi. Halafu kwa mume wangu, bila kumtazama, "Nimesikia nimemezwa."

"Aliyemezwa ni mimi," akajibu Baba Loveness.

"Haya. Tumtoe tuone ana sharubu au hana."

Akamgeuza kuku wangu kibla, akamchinja vizuri kama siku zote. Mimi nikamnyonyoa. Wao wawili wakaja hadi jikoni, jambo ambalo halijawahi kutokea, wakasimama juu ya kichwa changu. Nikapasua firigisi. Mahindi, mchanga, kipande cha chupa. Na katikati, kimelainika lakini kizima, kipande kimoja cha mnyororo wa kifaru.

 Namshukuru Mungu kwa hicho kipande, kwa sababu hata mimi moyo wangu ulipoa kidogo. Kuku hakuwa bila kosa kabisa.

"Wachina tuliwasingizia," akasema Abubakari.

"Na mtu?"

"Mtu ametoka zamani, atakuwa kwenye shamba la maharage huko. Amekufa vitani."

Baba Loveness akaosha kile kipande kwa maji ya moto, akakifuta kwa shati lake. "Lete kichwa," akasema.

Nilipokuwa naunga nyama niliwasikia barazani. Mwenye macho anasema shoto kidogo, mwenye mikono anasema shika, mghosi, usilegee. Wakafika kwenye tundu la juu, lile lisilo na mtu, nami nikaacha mwiko. Kisha Baba Loveness akasema, "Funga mfuniko. Vitani mwenye akili hatoi kichwa nje."

"Ndiyo," akasema Abubakari. "Anakaa ndani. Haonekani."

"Haonekani kabisa."

Kila mmoja akaridhika, maana kila mmoja alikuwa amekwisha kukaa ndani.

Nikapakua. Firigisi katika nyumba hii ni ya Baba Loveness, kama ilivyo kwa kila mwenye nyumba. Nikamwekea juu ya ugali wake. Akaitazama. Akaihamishia kwenye sahani ya Abubakari.

"Kula wewe."

"Mimi mgeni?" Abubakari akairudisha.

Ikaenda ikarudi mpaka nikaona itapoa. Mwisho Baba Loveness akachukua kisu kwa mkono wa kulia, vidole vyote vitano vimekunjika kwenye mpini, akaikata katikati. Vipande havikulingana. Kile kikubwa akambakishia mwenzake, akajidai hakuona.

Kifaru kipo juu ya kabati la vyombo, mfuniko umefungwa. Wageni wakija Baba Loveness anawaambia nani yumo ndani, na asipokuwepo yeye, Abubakari naye anawaambia vilevile. Mtu mwenyewe yumo kwenye kopo langu la nyuzi. Ukimwangalia ubavu mmoja ana sharubu, ni Abubakari. Ukimgeuza hana, ni mume wangu. Nikishona kifungo naye namtoa namweka pembeni, ananitazama, kifua nje.

Mayai sasa naomba kwa Salama.