Mwanamke wa Kituo cha Treni Akataa Kusamehe

Filamu zilizoonyeshwa katika ukumbi wa mtaa ule zilitoka nchi za mbali, na lugha zake hakuna aliyezijua. Ndiyo maana kando ya pazia kulikuwa na benchi, taa ndogo na kipaza sauti kimoja, na kwenye benchi walikaa mume na mke. Mume aliwasemea kwa Kiswahili wanaume wote wa kwenye filamu, tangu mfalme mpaka mlevi, na watu walimwita Jemedari. Mke aliwasemea wanawake. Huyo walimwita Bi Sauti, na akina mama wengi walikuja kumsikiliza yeye kuliko kuitazama hiyo filamu.

Maana Bi Sauti aliwatunza wanawake wake. Yule mjane wa kofia nyeusi, aliyetoka mahakamani shingo imenyooka, alimpa sauti ya chini, sauti ya mtu asiye na haja ya kupiga kelele. Yule mrembo aliyeendesha lori mlimani na viatu vya visigino alimpa kicheko cha pembeni mwa mdomo. Na hakumliza mtu ovyo. "Mwanamke akilia," alizoea kusema, "lazima nijue analilia nini."

Sasa Jumamosi moja dada yake aliugua, Bi Sauti akaenda kumuuguza. Jemedari, badala ya kuomba onyesho liahirishwe, akajitwika sauti zote. Filamu ilikuwa ya mke wa nahodha, mwanamke aliyeshika usukani meli inazama na wanaume wamejificha chini. Jemedari akamfanya alie kama mbuzi aliyesahaulika mvuani. Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika mguu. Bi Sauti aliporudi, mkunga wa mtaa alimsimulia yote, na ule mlio wa mbuzi akauiga.

Tangu siku ile nyumbani walizungumza kupitia paka.

"Paka, mwambie mwenzako aliyeketi pale kwamba chai inapoa."

"Paka, mwambie nimeshasema ulikuwa mzaha tu."

"Paka, mwambie mzaha wake autafune na hiyo chai."

Mwishowe paka akahamia kwa jirani. Naye Bi Sauti akamwendea mwenye ukumbi, akamwambia kwamba Jumamosi inayofuata ndiyo ya mwisho. Atamsemea mwanamke mmoja tu, kisha basi, kazi hii amwachie huyo fundi wa mbuzi.

Kwa kawaida, siku moja kabla ya onyesho, mume na mke walionyeshwa filamu peke yao ili wapatane nani atasema nini. Safari hii mmoja alikaa pembe hii ya ukumbi, mwingine pembe ile, wakaitazama kimya mpaka mwisho. Ilikuwa hadithi ya mshona kofia ambaye mchumba wake alikwenda mbali, asilete hata salamu. Mwishoni mchumba anarudi, anapiga magoti kwenye kituo cha treni, anasamehewa, wanakumbatiana, treni inaondoka.

Jumamosi ukumbi ulifurika, maana habari zilikuwa zimeenea. Kipaza sauti kilipita kati ya wawili wale kama sufuria ya moto, mkono usiguse mkono. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kituoni. Mchumba akapiga magoti.

"Nuru ya macho yangu!" Jemedari akanguruma. "Nisamehe!"

Mshona kofia akafungua mdomo. Hapo palitakiwa "Nimekusamehe," basi. Bi Sauti akamtazama yule mwanamke, akapiga moyo konde.

"Nikusamehe nini?"

Jemedari akakivuta kipaza sauti.

"Yote, mpenzi! Macho yako ni nyota za—"

"Nyota ziache huko huko juu. Kosa lako ni lipi? Litaje."

"Mbane hapo hapo, mwanangu!" mkunga akapaza sauti kutoka mstari wa mbele. "Asitoke!" Hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Nusu ya watu mle ndani aliwazalisha mama zao.

Kwenye pazia mshona kofia alikuwa tayari anatabasamu kifuani pa mchumba, huku kwenye spika ugomvi unaendelea.

"Mbona wamekumbatiana na huku wanagombana?" akauliza kijana mmoja nyuma.

"Wewe bado hujaoa," akajibiwa.

Treni ikaondoka. Filamu ikaisha, pazia likabaki jeupe, na Jemedari akabaki anajifuta jasho, kosa bado hajalitaja. Hakuna aliyeinuka. Ndipo fundi wa mashine, mtu wa maneno machache, akachomoza kichwa kwenye kidirisha chake.

"Kaeni," akasema. "Mkanda wa mwisho naurudia."

Mwenye ukumbi akaanza kulia na gharama ya umeme, mkunga akamwambia aketi. Fundi aliuzungusha mkanda ule kuurudisha mwanzo taratibu, taratibu kuliko mashine ilivyohitaji. Bi Sauti akaliona hilo, akamshukuru moyoni.

Treni ikaja tena. Mchumba akapiga magoti tena. Jemedari akashika kipaza sauti, na sauti ya kijemedari ikagoma kutoka. Ikatoka ile ya nyumbani, inayouliza ndala ziko wapi.

"Nilimliza mke wa nahodha," akasema. "Naye hakuwa analia. Nilikaa hapa peke yangu, akafungua mdomo, nikagundua sijui atasema nini. Miaka yote niko kando yako, na wewe ukisema, mimi nawaza maneno yangu tu. Nikaogopa, nikafanya mzaha. Wakacheka, nikaona raha. Kosa langu ndilo hilo."

"Nahodha yupi tena?" kijana wa nyuma akauliza. "Si tuko kwenye treni?"

"Nyamaza wewe!" ukumbi mzima ukamjibu.

Bi Sauti akapokea kipaza sauti, na safari hii vidole viligusana. Mshona kofia akafungua mdomo. Watu wakainama mbele.

"Mama watoto," Jemedari akanong'ona, "sasa anasema nini?"

Bi Sauti akakifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Hasemi kitu. Mtazame."

Wakamtazama. Yule mwanamke akafunga mdomo, akanyoosha mkono, akamwekea mchumba sawa kola ya koti iliyopinda. Walikuwa wameuona mkono ule muda mfupi tu uliopita, na hakuna aliyeutazama. Mkunga akapenga kamasi kwa kishindo, kisha makofi yakalipuka.

Mlangoni mwenye ukumbi akamkimbilia. "Bi Sauti, kweli ndiyo unatuacha?"

"Nani kasema hayo? Jumamosi ijayo kuna nini?"

"Kuna ya malkia," akajibu fundi wa mashine, akishuka ngazi. "Mfalme anakufa mwanzoni kabisa."

"Anakufa?" Jemedari akashtuka. "Sasa mimi nitafanya kazi gani?"

"Utakaa pale pale ubavuni mwangu," akasema mkewe, "unisikilize."