Mazingira Yawe Safi

"Rudia hapo, mayu. Kipande cha tatu mnakifungua lini?"

Mayige, bwana misitu wa mradi wa hifadhi ya malisho, alisimama mbele ya ukumbi pale Bariadi, akiandika kila alichosema Milembe kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa siku ya pili ya semina, Septemba ya mwaka 2000, na wakulima arobaini kutoka Sapiwi, Migato na kwingineko walikuwa kwenye mabenchi wakisubiri chai. Milembe, mjane wa miaka hamsini na ushei kutoka upande wa Nkololo, ambaye kila mtu alimwita mayu, yaani mama, alikuwa ameitwa kufundisha. Maisha yake yote watu wa ofisi ndio waliokuwa wakija kumfundisha yeye, na mara nyingi walikuja wamechelewa.

"Hufungui kwa kalenda," alisema. "Unamwangalia maksai. Ukiona mfupa wa nyonga umechongoka, ndipo unafungua. Wanaingia wa plau, na ng'ombe mwenye ndama. Wengine hata wakilia, wanabaki nje."

"Na mtu akiingiza ng'ombe wake kwa kuiba?"

"Zamani wazee walimtoza fahali. Siku hizi tunaambiwa twende kwa mtendaji."

Ukumbi ulicheka. Mayige naye alicheka, lakini hilo hakuliandika.

Walikuwa wakizungumzia ngitili, sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zirefuke na kukauka zikiwa zimesimama, ziwe akiba ya kiangazi. Ngitili ya Milembe ilikuwa ekari nne, aliyoachiwa na baba mkwe wake, naye aliigawa vipande vitatu kama alivyoonyeshwa. Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Kipande cha kwanza kililiwa Julai, cha pili kilikwisha wiki iliyopita. Kilibaki cha tatu, nyasi za kufika kiunoni, na hicho ndicho kilitakiwa kiwafikishe maksai wake wawili Novemba wakiwa na nguvu ya kuvuta plau. Maksai hao wakianguka, yeye halimi, wala jirani yake Felisita halimi, wala nyumba nyingine tano zilizozoea kuwaazima. Trekta la ushirika lilishauzwa kama vyuma chakavu. Josho lilikuwa kavu tangu serikali iseme kila mtu ajinunulie dawa, na bwana shamba wa kata alipunguzwa kazi, sasa anauza soda stendi. Zilikuwa zimebaki nyasi.

Wakati wa chai Milembe alimfuata Mayige na kikombe chake mkononi. Mchana ule washiriki wote walikuwa waende kuiona ngitili kwa macho, pamoja na mgeni rasmi kutoka mkoani.

"Watu wako wasikanyage kile cha tatu," alimwambia. "Waangalie wakiwa pembeni."

"Usiwe na wasiwasi, mayu. Nimeshamwandikia mtendaji barua. Kila kitu kitakuwa tayari."

"Wabeja," alimshukuru.

Alikunywa chai yake kwa raha. Alikuwa kwa binamu yake pale mjini tangu juzi, na mara mbili aliamka akidhani amesikia ng'ombe. Sasa barua ilikuwa imekwenda.

Waliondoka saa saba, magari matatu, Milembe akiwekwa kiti cha mbele kama mtu mkubwa. Njia nzima pamba ilikuwa imeng'olewa mashambani, vumbi linafuata vumbi. Walipokaribia kijijini alisikia harufu ya moshi. Alidhani ni watu wanaochoma masalia ya pamba, akapandisha kioo.

Felisita alikuwa amesimama pale gari liliposimama. Hakungoja lizimwe.

"Nilimkatalia mtendaji, mayu," alisema. "Nilimwambia mwenyewe hayupo. Akaniambia nikizuia shughuli ya serikali ataniweka ndani."

Milembe aliteremka, akatazama.

Kipande cha tatu kilikuwa kimefyekwa chote, mpaka chini. Vichaka vya migunga vilivyoanza kuchipua kwenye visiki, ambavyo alivilinda miaka sita visiguswe na mbuzi, navyo vilikuwa vimekatwa. Mahali pa nyasi palikuwa na mabaka meusi ya majivu, mengine bado yanatoa moshi. Katikati yalipangwa madawati ya shule chini ya turubai. Mbele, kwenye njia ya kuingilia, walijenga tao la miti, wakalizungushia nyasi ndefu na matawi mabichi, likapendeza kweli.

Kasmiri, mtendaji wa kijiji, alikuja mbio amevaa koti.

"Mwadila, mayu," alimsalimia. "Umeona? Nimetoa watu thelathini tangu jana alfajiri. Hapa palikuwa pori tupu, hata nyoka wangekuwemo. Mgeni rasmi angepita wapi?"

"Nyasi mlizofyeka ziko wapi?"

"Tumechoma. Tungeacha takataka mbele ya mgeni?"

Mayige alikuwa amefika nyuma yao. "Nani amekwambia ufyeke?" aliuliza.

Kasmiri hakukasirika. Alitoa barua mfukoni, akaikunjua, akasoma kwa kidole. "Aya ya tatu. 'Mazingira ya eneo la tukio yawe safi.' Sahihi hii hapa chini si yako?"

Ilikuwa yake. Barua zote za ugeni zilikuwa na sentensi hiyo, za kufungua choo cha shule na za kupokea mwenge, naye aliinakili kutoka kwenye barua ya zamani bila kuisoma. Siku mbili alikuwa ameandika maneno ya Milembe kwa wino wa rangi tatu.

Mgeni rasmi alipita chini ya tao, akaketi, akafungua karatasi zake. Alianza kwa kuupongeza uongozi wa kijiji kwa usafi wa hali ya juu. Kisha akasema angependa, kabla hajaendelea, mama mwenye ngitili awaeleze wageni siri ya mafanikio yake.

Watu walipiga makofi, wakageuka kumtafuta. Milembe alikuwa anaondoka kuelekea nyumbani kwake, hatua kama mia mbili, hakimbii. Mgeni rasmi alingoja huku akitabasamu. Baada ya muda alionekana anarudi akiwaswaga maksai wawili, mmoja mweusi na mmoja wa madoa, mifupa ya nyonga imechongoka. Wageni wengine walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi tena.

Maksai hawakuhitaji kuelekezwa. Walikwenda moja kwa moja kwenye tao na kuanza kuvuta nyasi.

Kasmiri alikamata fimbo. Mayige alimshika mkono.

"Waache," alisema.

"Hawa watu wanatazama, bwana."

"Nimesema waache."

Milembe alisimama kando ya maksai wake, mkono mgongoni mwa yule wa madoa. Aliongea Kiswahili chake taratibu ili kila mtu amwelewe.

"Mvua ni Novemba, ikija. Chakula cha hawa mpaka siku hiyo ndicho mlichokichoma. Hiki mlichofunga kwenye miti ndicho kimebaki. Siri ni hiyo. Andikeni."

Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni rasmi alitazama saa, akamtazama Kasmiri, halafu, kwa kuwa ratiba ilikuwa ni ratiba, akaendelea na hotuba yake juu ya umuhimu wa kuwashirikisha wananchi katika kujikinga na ukame. Ilikuwa ya kurasa sita. Kabla hajafika ukurasa wa tatu, tao lilikuwa limebaki miti mitupu, na maksai wote wawili walikuwa wamegeuza vichwa, wanamtazama Milembe.