Damu ya Kwao

...na bora angempa yeye mwenyewe hiyo sindano, aliyetoboa shingo za ng'ombe wengi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwake, mkaguzi wa nyama mzima amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, mkono umelazwa juu ya mto mdogo wa kijani, mpira umembana juu ya kiwiko kama mgambo aliyekamata mwizi, na mama wa maabara anampapasa mshipa kwa kidole huku akicheka peke yake, "Mshipa huu mkorofi kama mwenyewe, kunja ngumi, baba, kaza," naye akakaza, akakaza mpaka kucha zikamwingia kiganjani, ngumi ile ile iliyompasua shemeji yake mdomo kando ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi, na leo ngumi haina wa kumpiga, imekaa tu juu ya mto... binti yake yuko ubavuni, kapakata mkoba, upande mmoja wa blauzi umelala bapa na hakuujaza kitu, alikataa, alisema anayetaka kutazama atazame, na mkaguzi hatazami, anatazama bomba la sinki linalodondoka, tone, tone, "Baba, unapumua kweli?" "Napumua." "Maana ukituangukia hapa mimi sikubebi." "Dada, wanene ndio wa kwanza kuanguka," akadakia mama wa maabara, "nishawaokota hadi wanajeshi," wakacheka wote wawili, na sindano ikaingia, ikakosa, ikazunguka humo ndani ya nyama ikitafuta, na kwa kufumba na kufumbua akaona mkono wake wa pili umemshika yule mama koo na kumbamiza ukutani mpaka vichupa vyote vimemwagika... haukumshika, umetulia gotini, mkono wa mtu mstaarabu, "Samahani, baba, mshipa umenikimbia, tujaribu tena," haya, jaribu, chimba, si damu unataka, damu ipo, machinjioni anaikanyaga kwa mabuti tangu ujana, anajua inavyonuka ikiwa ya moto na inavyonuka ikilala, anajua kulipasua tezi kwa pigo moja na kuona ndani yake usaha mgumu kama chokaa, na akishaona, kabla ya muhuri, kabla ya neno lolote, anauliza swali moja, huyu ng'ombe katoka zizi la nani, maana ugonjwa una kwao, ndivyo alivyofundishwa chuoni na ndivyo anavyowafokea wachinjaji wanaotaka kumficha mwenye ng'ombe, rudi nyuma, rudi zizini, kamata mama yake, kamata dada zake, kagua wote... na mke wake alipokufa, titi limempasuka, akajiuliza lile lile na akajijibu hapo hapo bila kwenda zizi lolote, kwao, damu ya kwao, akamwambia shemeji mbele ya jeneza, "Mlijua damu yenu mbovu mkaniozesha maiti," watu wakashika vinywa, shemeji akamrukia, wakabiringishana kwenye udongo wa mke wake, jino likamtoka shemeji, na pembeni binti, msichana wa shule, amesimama na shada la maua, akisikia, akimeza... "Kaza tena, baba, huu nimeuona," asubuhi hii hii ya leo daktari wa vinasaba, mwenye miwani mizito na sauti ya kubembeleza, alikuwa amewaeleza taratibu, kwamba kuna jeni ambayo kazi yake ni kukarabati, chembe ikipasuka humo ndani yeye ndiye fundi wa kuziba ufa, kila mtu anazo mbili, moja ya baba na moja ya mama, na ya binti moja imekatika, herufi chache zimedondoka, basi, herufi chache tu, ndizo zilizomkata titi akiwa hajazaa na ndizo zinazotaka mwezi ujao wamfungue tumbo watoe na ovari kabla nazo hazijageuka, mkaguzi akasikia meno yake yakisagana, mtu anaandikiwa kuchinjwa kwa herufi, na binti akasema haraka, kama anayefunga mlango, "Ya mama hiyo," daktari akamwambia hatujui, mama hakupimwa, tena saratani nyingi za matiti hazirithiwi kabisa, huenda mama aliugua yake tu, ya bahati mbaya, na hii ikawa ya mzee, ndiyo maana nataka damu yake, tujue ukoo upi tuuonye, na mkaguzi akacheka kwa sauti, "Mimi? Mimi nina matiti?" "Unayo, mzee, madogo, na hata usipoumwa kidole unaibeba na unaigawa vilevile," akatamani kuipindua ile meza, na kompyuta yake, na miwani yake... "Hiyo hapo! Imekuja," damu imeingia kwenye kichupa, nyeusi kiasi, inazunguka ukuta wa kioo, naye akaiambia kimoyomoyo kuwa safi, kuwa safi mshenzi wewe, iwe ya kwao, iwe ya shemeji na meno yake ya bandia, ili yale aliyoyasema kaburini yawe kweli, kwa sababu yasipokuwa kweli... binti ameinama kukitazama kichupa, macho makavu, macho yale yale ya siku aliyotoka hospitali na bomba la kutolea majimaji likining'inia ubavuni, akaingia moja kwa moja chumbani, akaburuta sanduku la mama yake mpaka uani, magauni yote, la bluu la kazini, la maua, lile la harusi ya dada yake, akayamwagia mafuta ya taa, "Unafanya nini, mwanangu?" "Namrudishia zawadi yake," kiberiti kikawaka, naye akamzaba kofi, mgonjwa mwenye nyuzi kifuani, akamzaba kofi, na binti akalirudisha, kofi zito la mtu mzima, bendeji ikalowa, wakasimama wakihema moshi wa mikono na kola za magauni ya marehemu, na binti akasema, "Si wewe uliyesema? Damu ya kwao? Mimi nimeyatoa wapi haya?" naye akachukua ndoo akamwagia maji kilichokuwa kimekwisha kuwa jivu... "Kichupa cha pili, usitetereke," zizi, katoka zizi la nani, na hapo, bila kuitwa, akamwona mama yake mwenyewe, mjane, anapita njiani na tumbo mbele, majirani wakichekea nyuma ya madirisha, bibi mzima kapata mimba, ya nani, na yeye, mwanafunzi wa mifugo aliyerudi likizo, akamlaza kitandani akamgonga tumbo kwa vidole kama walivyomfundisha kumgonga kondoo, likaitika maji, maji tele, na chini ya maji kitu kigumu upande wa kushoto, pale penye ovari, akavuta shuka akamfunika, akasema ni ini, mama, ini tu, akarudi chuoni, akamzika kabla ya mitihani... na mama mkubwa, dada yake mama, aliyekula peke yake chumbani kwa sababu ya harufu, kitambaa amejifunga kifuani hata kwenye joto, na siku kilipolegea yeye mtoto aliona, shimo, pale penye ziwa palikuwa na shimo jeusi, watu wakasema karogwa, naye akakimbilia nje kutapika na akasahau, alisahau! mtu anayekumbuka namba ya sikio la ng'ombe wa mwaka juzi... mama, mama mkubwa, yeye, mtoto wake, wamepangwa mstari mmoja wamening'inizwa kwenye kulabu, na angekuwa kazini angewaona tangu mlangoni, angepiga kelele funga zizi hili, na mke wake hayumo kwenye mstari, amesimama upande wa pili na gauni lake la bluu, aliyekufa akimwomba msamaha, ndiyo, alimwomba, midomo imekauka, "Nisamehe, nimekuletea balaa nyumbani," na yeye akasema, "Nimekusamehe," Mungu wangu, alimsamehe... "Baba, legeza ngumi sasa," anasema mama wa maabara, "legeza, damu ije vizuri," na ngumi haisikii, inataka kujipiga yenyewe, inataka kung'oa sindano na kufungua mshipa mpaka chini kama shingo, imwagike yote sakafuni aione, "Baba," sauti ya binti, ya chini, "wameshasema majibu ni ya wiki kadhaa. Na yakija ni ya mama tu. Usihangaike," na katika lile neno, ya mama tu, kulikuwa na chuki iliyokomaa, iliyolelewa kwa mkono wake mwenyewe, mmea ambao mbegu yake aliidondosha kaburini... la, isiwe, akaigeukia ile damu na kuanza kuibembeleza kinyume, kuwa mbovu, tafadhali, kuwa mbovu wewe, iwe yangu, ndani yako kuwe na zile herufi chache zilizodondoka, zionekane, zisomwe kwa sauti mbele ya huyu mtoto, na mbele ya shemeji, aje na ndugu zake wote, anipige pale pale aliponipiga, na huyu aache kumchukia aliye chini, anichukie mimi niliye juu, ninaweza, nina shingo nene... "Legeza, baba wewe! Utavunja vidole," akacheka tena mama wa maabara, kichupa hakijajaa, bomba linadondoka, tone, binti anatazama ukuta, na vidole vinaanza kufunguka kimoja kimoja juu ya mto wa kijani, mashati yangu yapo kabatini, mwanangu, upande wa kushoto, yamepigwa pasi, na mafuta ya taa yamebaki nusu dumu nyuma ya mlango.